Uanagenzi wa Fundi wa Kwato katika Migori na Homa Bay

Msafiri atakayetoka Isebania, mpakani mwa Tanzania, akapita Migori, Awendo na Rongo, kisha akateremka hadi Homa Bay ufukweni mwa ziwa, atawakuta njiani mafundi wa kila namna, wachomeleaji wa vyuma, watengenezaji wa plau, wa baiskeli na bodaboda, waundaji wa mashua, na hata wazee wa kuziba sufuria zilizotoboka. Lakini akimtafuta fundi wa kuvalisha farasi viatu vya chuma atarudi mikono mitupu. Hilo halina ajabu, kwani farasi mwenyewe hayupo, na aliyemzuia asikae katika nchi hii njema yenye majani na maji si mfalme wala jeshi, bali ni nzi.

Mbung'o aliweka maskani yake zamani katika vichaka vizito vya bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay, na maradhi aliyoyachukua, ambayo kwa mifugo huitwa nagana na kwa binadamu malale, yaliwafukuza watu na ng'ombe wao hata sehemu kubwa ya ardhi ikaachiwa wanyama wa mwitu. Mwaka 1966 sehemu ya bonde ilifanywa hifadhi, nayo ndiyo leo Mbuga ya Taifa ya Ruma, makao ya mwisho katika Kenya ya yule paa mkubwa aitwaye korongo. Malale yalizuka tena Lambwe mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wataalamu wa wadudu wa kituo cha Mbita, tawi la taasisi ya ICIPE aliyoiasisi Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, walishughulika miaka mingi na mbung'o na mitego yake. Farasi ni dhaifu mno mbele ya nagana. Na juu ya hayo anao adui wa pili, maradhi yaenezwayo na usubi wa usiku, ambayo humwua kwa siku chache ilhali punda aghalabu huyapata asionyeshe hata dalili. Waingereza walilijua hili kwa gharama kubwa katika Vita Vikuu vya Kwanza, walipomwandama Jenerali Mjerumani von Lettow-Vorbeck katika Tanganyika wakapoteza makumi ya maelfu ya farasi, nyumbu na punda, walio wengi wakifa kwa maradhi wala si kwa risasi.

Basi mizigo ambayo katika nchi nyingine ingemwangukia farasi, hapa imemwangukia punda. Huko Nyatike, Karungu na Kendu Bay, asubuhi kabla jua halijakaza, utamwona amebeba mitungi minne ya maji, kila mmoja wa lita 20, na kwa kuwa lita ya maji ina uzito wa kilo moja, amebeba kilo 80 kabla hujahesabu tandiko la magunia, na wakati mwingine kabla hujamhesabu mtoto aliyeketi juu ya yote hayo. Jioni hubeba mahindi, kuni au mchanga. Kazi hii yote huifanya peku, na wengi huona kwamba mnyama asiyevaa viatu hana haja ya fundi wa kwato. Wazo hilo ndilo limekuwa kizuizi cha ufundi huu katika kaunti hizi mbili, na kwa maoni yangu ni wazo potofu.

Kazi ya fundi wa kwato, popote inapofanywa sawasawa, ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuukata ukwato, kuusawazisha na kuurudishia umbo lake. Ya pili ni kuufulia chuma na kuupigilia misumari. Macho ya watu hutekwa na ya pili kwa sababu ina moto, moshi na kishindo cha nyundo, lakini ya kwanza ndiyo msingi, kwani kiatu kizuri juu ya ukwato uliokatwa vibaya ni balaa iliyofungwa kwa misumari. Ukwato si jiwe. Ukuta wake wa nje ni mada ile ile iliyo katika kucha zetu, hauna mishipa wala maumivu; lakini ndani yake mna mfupa mdogo uliofungamana na ukuta huo kwa vijikunjo vingi vya nyama hai, na mnyama mzima huning'inia ndani ya kwato zake nne kwa mafungamano hayo. Ukiutazama mguu kwa chini, utauona mstari mweupe unaouzunguka wayo wote, mwembamba kama uzi mnene: nje ya mstari huo kisu kinaweza kukata, na ndani yake mna damu na uhai. Nyuma, kati ya visigino viwili, mna mto wa pembetatu, mgumu kiasi na wenye kunepa, unaopokea kishindo kila mguu unapokanyaga.

Ukwato huota kutoka juu, pale nywele za mguu zinapokoma, ukateremka polepole kwa kadiri ya milimita nane hadi kumi kwa mwezi. Punda wa jangwani, babu yake huyu wetu, aliishi kaskazini-mashariki ya Afrika katika nchi kavu ya mawe, na mawe yalimsugulia kwato kwa kadiri ile ile zilivyoota, asihitaji fundi. Mjukuu wake amejikuta katika udongo mweusi wa mfinyanzi wa Nyatike na Lambwe, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono, na wakati wa masika hugeuka uji unaoshika mguu hadi kifundoni. Udongo huo hausugui. Na ukwato wa punda, ambao ni mwembamba na uliosimama wima zaidi kuliko wa farasi, hunyonya maji kwa urahisi. Ukilowana siku nyingi hulainika, mstari mweupe hufunguka, changarawe na vijidudu hupenya, na usaha hujikusanya mahali pasipo na mlango wa kutokea. Ncha nayo hurefuka mbele kama kiatu cha mfalme wa kwenye michoro ya kale, visigino hulala, kano za nyuma ya mguu huvutwa kupita kiasi, na punda huanza kutembea kwa hatua fupi ambazo mwenyewe huziita uvivu na kuzitibu kwa fimbo.

Nimesema ukwato huteremka kwa milimita nane hadi kumi kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo, sehemu iliyozaliwa leo chini ya nywele haitafika ncha ya mguu ila baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili, na kwa hiyo kosa analolifanya fundi leo, au wema anaoufanya, halitaonekana lote leo wala kesho. Seremala akikata mbao fupi huona papo hapo. Mchomeleaji asiposhikisha vizuri, chuma humwumbua kabla hajavua miwani. Fundi wa kwato hungoja. Akiuacha upande mmoja juu kidogo kuliko mwingine, punda ataondoka akitembea bila tatizo, atarudi baada ya wiki sita ukuta umepinda, na baada ya miezi sita kifundo kimevimba. Hii ndiyo sababu ya ndani ya uanagenzi mrefu katika kazi hii, wala si ukaidi wa wazee wa ufundi wanaotaka vijana wawatumikie: mwanafunzi hana budi kukaa mahali pamoja, akawaona wanyama wale wale wakirudi mara kwa mara, akajifunza kuusoma mguu kama barua iliyoandikwa mwaka jana.

Waingereza wameliweka jambo hili katika sheria. Chama cha mafundi wa kwato cha London kinahesabu asili yake tangu mwaka 1356, na sheria ya mwaka 1975 ilikataza mtu asiyeandikishwa katika daftari la mafundi kumvalisha farasi kiatu. Mwanagenzi huko hufungamana kwa miaka minne hivi na fundi aliyeidhinishwa kufundisha, akafanya kazi katika karakana na mazizi ya wateja, na kwa vipindi huitwa chuoni, kama kile cha Hereford, kusoma mifupa, kano, maradhi na elimu ya vyuma. Mwishoni hufanya mtihani wa diploma mbele ya watahini wa chama. Mfumo huo una sifa nyingi, lakini una pengo moja linalotuhusu sana: sheria yenyewe inahusu mguu unaotengenezwa ili upokee kiatu, na kumkata kwato mnyama anayetembea peku imewaachia watu wote. Tukiinakili sheria ile neno kwa neno, farasi wachache wa Nairobi watapata ulinzi, na punda wote wa ziwani watabaki nje ya mlango.

Hata hivyo kijana wa Migori anayetamani kuwa fundi kamili asiidharau sehemu ya chuma, maana ndiyo inayofundisha adabu ya mkono. Kiatu hufuliwa kutoka upapi wa chuma laini, ukapashwa moto hadi rangi ya chungwa lililoiva, ukakunjwa kwenye pembe ya fuawe, ukatobolewa matundu, kisha ukajaribiwa ukwatoni ungali na moto, moshi wenye harufu ya nywele zilizoungua ukapanda, na alama nyeusi ikamwonyesha fundi mahali palipogusa na mahali palipokosa kugusa. Msumari wa kiatu hauko kama misumari ya dukani. Ncha yake imechongwa mshazari upande mmoja tu, ili ukipigwa uelekee nje wenyewe. Huingia kwenye mstari mweupe, hupanda ndani ya ukuta usio na maumivu, hutokeza nje sentimita mbili hivi juu, na hapo ncha hukatwa na kukunjwa. Fundi akiugeuza msumari kinyume, au akauanzisha ndani mno, unaelekea kwenye nyama. Mwenye sikio husikia tofauti kabla ya kuiona, kwani msumari unaopita ukutani hulia kwa sauti kavu inayozidi ukali, na unaopotea hulia kwa sauti butu. Jeraha la namna hiyo ni la hatari kubwa, maana vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, na farasi na punda ni wepesi sana kuangamizwa navyo; fundi mwenyewe pia asiingie kazini bila chanjo yake.

Katika Kenya kazi hiyo ya viatu imejikusanya mahali farasi walipo, yaani Nairobi na viungani mwake, katika uwanja wa mbio wa Ngong, katika viwanja vya polo, na katika mashamba ya farasi ya nyanda za juu. Anayetaka kuijua hana njia ya haraka kuliko kwenda huko, akaomba nafasi kwa fundi, akaanza kwa kushika miguu na kufagia. Lakini akirudi nyumbani Rongo au Oyugis, atavikuta viatu vyote alivyojifunza kufua havina mnunuzi, na kitakachomlisha ni kisu na tupa.

Nchi yetu ya kusini mwa Nyanza si ngeni kwa chuma. Karibu na Macalder, katika kaunti ya Migori, zimo kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizojengwa bila udongo wa kugandisha yapata karne ya 16, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Na kando ya boma kuu, upande wa kaskazini, pamehifadhika mabaki ya mahali pa wahunzi. Leo mhunzi amehamia kwenye kibanda cha mabati kando ya soko. Fuawe yake ni kipande cha reli kilichosimikwa juu ya gogo. Upepo hautoki tena kwenye mivukuto ya ngozi, bali kwenye pangaboi dogo linalozungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Na malighafi yake ni springi za magari mabovu, kwani chuma chake huweza kushika makali. Kibanda kina giza kwa makusudi: chuma kilichopashwa moto husomwa kwa rangi yake, na rangi hiyo hufifia mbele ya jua. Mwanagenzi huanza kwenye gurudumu, akizungusha kutwa, na wenye haraka hudhani ni mateso, kumbe pale ndipo anapojifunza rangi. Akiisha kuzijua hupewa nyundo nzito, akapiga pale fundi anapogusa kwa nyundo ndogo. Wengine hulipa ada ya mafunzo, wengine hulipa kwa jasho na hupewa chakula cha mchana. Mapatano hayo hufanywa na wazazi, kwa mdomo, na huheshimiwa kuliko mikataba mingi iliyopigwa mihuri.

Kijana aliyepita katika kibanda kama hicho amekwisha kupata nusu ya ufundi wa kwato. Anaweza kujifulia kisu chenye ncha iliyopinda kutoka springi ya gari, na koleo la kukatia ukuta uliorefuka. Tupa peke yake itabidi anunue, ile pana yenye urefu wa sentimita 35 hivi, meno makubwa upande mmoja na madogo upande wa pili. Nusu iliyobaki ni ya mnyama, nayo haipatikani kibandani. Ataijifunza kwa mganga wa mifugo wa wadi na kwa watu wa mashirika ya punda kama Brooke, lililoanzia Cairo mwaka 1934 katika hospitali ya Dorothy Brooke, na hata kwa kwenda pwani, maana Lamu pana zahanati ya punda tangu mwaka 1987. Atafundishwa kutomkurupusha punda: kuanza kwa mkono begani, kuuteremsha pole pole hadi chini ya goti, kungoja mnyama aupunguzie mguu uzito, kisha kuuinua chini chini bila kuuvuta nje, kwani nyonga ya punda haikuumbwa kufunguka hivyo. Atafundishwa pia kumtazama akitembea. Punda mwenye maumivu ya mguu wa mbele huinua kichwa mguu mbovu unapokanyaga, akakishusha unapokanyaga mzima. Lakini huficha maumivu kwa ustahimilivu mwingi, na asiyezoea hupitwa.

Suala la cheti ni pana kuliko linavyoonekana. Mamlaka ya NITA, ambayo hadi mwaka 2011 ilikuwa idara ya serikali ya mafunzo ya viwandani, huwatahini mafundi kwa madaraja matatu, la tatu likiwa la kuanzia na la kwanza likiwa la juu, na wanagenzi wengi wa jua kali wa eneo hili wameyapita katika uashi, useremala, uchomeleaji na umakanika. Kituo chake cha Kisumu si mbali. Viko pia vyuo vya ufundi, Mawego upande wa Homa Bay na Siala upande wa Migori. Siku hizi pia serikali imekubali ujuzi uliopatikana kazini upimwe na kutambuliwa, hata kama mwenye ujuzi hakuingia darasani. Hayo yote ni mema, na mhunzi anayetaka kuongeza kwato juu ya plau aanze kwa kulipata daraja la uhunzi au uchomeleaji, ujuzi alio nao tayari mkononi.

Kuna watakaouliza nani atalipa. Jibu limeanza kujileta lenyewe. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8 nchini Kenya, na ile ya mwaka 2019 ikawakuta karibu milioni 1.2 tu. Katikati ya sensa hizo yalifunguliwa machinjio ya kuuza ngozi na nyama ng'ambo, na watafiti wa KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, walikadiria kwamba punda zaidi ya 300,000 walichinjwa kati ya mwaka 2016 na 2018, mbali na walioibwa usiku. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, na Umoja wa Afrika ukaafikiana Februari 2024 kusimamisha biashara hiyo ya ngozi bara zima. Punda aliyepatikana kwa urahisi zamani sasa ni mali ya kutunzwa, na mwenye mali hukubali kumlipa anayeirefushia maisha, hasa akielezwa kwamba sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama inamhesabia kosa anayemfanyisha kazi mnyama mchechemeaji.

Linalonitia shaka, siku kwato zitakapoingizwa katika fani za kutahiniwa, ni mtihani wenyewe. Ukiitishwa kwa desturi ya fani nyingine, mtahini atawasili asubuhi, atampa mtahiniwa mnyama, atatazama kisu kikienda, ataandika alama, ataondoka kabla ya jioni. Na fundi mwenye mkono wa madaha atafaulu, ingawa amekata zaidi ya haki kisiginoni. Kwa hiyo mtihani wa kwato sharti uwe wa siku mbili zilizotengana. Siku ya kwanza mtahiniwa akate punda wanne sokoni, wenyewe wakiwapo, na kila mguu upigwe picha kwa chini na kwa ubavu. Siku ya pili iwe baada ya wiki nane, punda wale wale waletwe, waendeshwe kwenye ardhi ngumu na laini, miguu iinuliwe tena, na mtahiniwa aeleze kwa mdomo wake nini kimeota sawa, nini kimepinda, na angefanya nini kama angeanza upya. Alama za siku ya kwanza ziwe robo.